Kuhamia Oman: mlango ni upi?

Kwa karne nyingi Muscat na pwani ya Afrika Mashariki zimekuwa zikipeana watu. Wanaofikiria leo kwenda Oman kuanza maisha upya husikia zaidi habari za waliofanikiwa. Ni wachache wanaouliza waliofanikiwa hao waliingia kwa hati gani.

Anayetoka mji mkongwe wa Muscat kuelekea kusini, akipita kati ya majabali makavu, hufika Bustan, kijiji kilichokaa ukingoni mwa ghuba ndogo. Kwenye mzunguko wa barabara hapo limewekwa jahazi la mbao liitwalo Sohar.

Jahazi hilo lilijengwa katika mji wa Sur. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, ufundi ambao watu wa Lamu wataukumbuka katika mtepe. Kati ya Novemba 1980 na Julai 1981 msafiri na mwandishi Muingereza, Tim Severin, alisafiri nalo kutoka Muscat hadi Guangzhou, China.

Si mbali na hapo kuna hoteli ya Al Bustan Palace, iliyojengwa kwa ajili ya mkutano wa viongozi wa nchi za Ghuba wa Novemba 1985. Mahali iliposimama palikuwa na kijiji cha wavuvi. Wanakijiji walihamishiwa nyumba mpya jirani, na kijiji kikabaki na jina lake.

Bustan ndiko liliko pia jengo la Baraza la Oman, ambamo hukutana Baraza la Dola na Baraza la Shura. Kwa kijana wa Tanga, Mombasa au Unguja anayepima kama aondoke au abaki, sheria za nchi hiyo zina uzito kuliko picha za hoteli na barabara pana anazotumiwa na jamaa walioko huko.

Watu wa asili moja, wenye lugha moja, wamefika Muscat na wakapokewa kwa namna mbili tofauti kabisa. Tofauti haikutokana na bidii yao. Ilitokana na mlango walioingilia.

Safari zilipoelekea kusini

Kwa zaidi ya karne moja Oman ndiyo iliyokuwa ikitoa wahamiaji. Seyyid Said bin Sultan mwenyewe alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, akavutiwa na bandari, biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na mashamba ya mikarafuu.

Alipofariki mwaka 1856 milki yake iligawanyika, na mwaka 1861 Uingereza iliamua kwamba Zanzibar na Muscat ziwe na masultani wawili tofauti. Zanzibar, iliyokuwa tajiri zaidi, ilitakiwa kuilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka.

Mgawanyo huo haukukata safari za watu. Jahazi ziliendelea kuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, zikiwa na vijana wa vijiji vya bara la Oman waliokimbia ukame, vita vya makabila na umaskini.

Wengine walifungua maduka madogo Pemba, wengine wakaenda Tabora, Ujiji, hata Bujumbura na mashariki ya Kongo. Walioa huko, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa mtu wa Oman, Zanzibar ndiyo iliyokuwa nchi ya maisha mapya. Ilikuwa na shule, hospitali, magazeti na taa za umeme wakati ambapo bara la Oman lilikuwa halina hata kimoja kati ya hivyo.

Mapinduzi na mlango uliofungwa

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaligeuza mambo. Maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, waliuawa, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Waliobaki hai na wenye uwezo wa kuondoka walianza kutafuta pa kwenda.

Wengi hawakwenda Oman, na sababu ilikuwa nyepesi: Oman haikuwataka. Sultan Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932, alibana mno ruhusa za watu kuingia na kutoka nchini. Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walitawanyika Dar es Salaam, Mombasa, Cairo, Kuwait, Dubai na Uingereza.

Hata damu ya kifalme haikutosha kuufungua mlango huo. Sultan Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa Zanzibar, alikuwa wa ukoo mmoja wa Busaidi na watawala wa Muscat, lakini alipelekwa uhamishoni Uingereza na kuishi Portsmouth kwa miongo kadhaa.

Ni Septemba 2020, baada ya miaka 56, ndipo aliporuhusiwa kwenda kuishi Oman. Alifariki Muscat Desemba 30, 2024, akiwa na umri wa miaka 95.

Mwaka ulioamua

Kilichobadilika kwa watu wa kawaida kilikuja mapema zaidi. Julai 23, 1970 Qaboos bin Said alimwondoa baba yake madarakani, na muda mfupi baadaye akawaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi.

Aliyoyakuta hayakuwa mengi. Katika Oman yote kulikuwa na shule tatu tu, zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Barabara ya lami ilikuwa kama kilomita 10. Mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa nje mwaka 1967, hivyo fedha zilikuwapo. Watu waliosoma hawakuwapo.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Oman ya mwaka 1970 ilikuwa na jembe tayari kwa mgeni tangu siku ya kwanza.

Waliotoka Zanzibar walikuja na elimu ya sekondari, Kiingereza, na uzoefu wa ukarani, ualimu na uuguzi. Waliingia katika kampuni ya mafuta, mabenki, wizara, jeshi na hospitali. Wanawake wao, ambao wengi walikuwa wamesoma, walikuwa miongoni mwa walimu na wafanyakazi wa ofisini wa mwanzo nchini humo. Waliotoka Burundi na Kongo walikuja na Kifaransa.

Ndiyo maana kizazi hicho kina hadithi nyingi za mafanikio. Ni hadithi za kweli. Lakini zilitegemea mambo mawili ambayo hayarudiwi kwa kutamani: nchi iliyokuwa na upungufu mkubwa wa wasomi, na hati iliyowatambua waliofika kuwa ni wenyeji wanaorejea.

Ukoo na karatasi

Kuitwa kurejea kulikuwa na masharti. Aliyetaka uraia alipaswa kuthibitisha asili yake ya Oman, na mara nyingi hilo lilihitaji shekhe wa kabila lake kushuhudia kwamba anamtambua. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Oman, wala babu yake hakuikumbuka vizuri, aliweza kupokewa kwa sababu nasaba yake ilijulikana upande wa baba.

Majirani wawili wa mtaa mmoja wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, waliosoma darasa moja na kupoteza nyumba siku moja, wangeweza kuwa na mustakabali tofauti kabisa. Mwenye baba wa kabila la Oman alikuwa na njia. Aliyekuwa na asili hiyo kwa mama tu, au mwenye asili ya Ngazija, ya Bara Hindi au ya Bara la Tanganyika, hakuwa nayo, hata kama maisha yao yalifanana.

Hata waliopokewa hawakuishi bila gharama. Wengi hawakujua Kiarabu cha kutosha kuandika barua ya kazi, na wenyeji waliwaita Wazinjibari, jina lililomaanisha kwamba ni Waomani wa namna nyingine.

Mtafiti Marc Valeri, katika makala aliyoichapisha mwaka 2007 kuhusu Waomani wanaozungumza Kiswahili, alilichunguza suala hilo la watu wenye uraia kamili ambao bado wanatafuta namna ya kutambuliwa.

Wazee wengi waliendelea kuzungumza Kiswahili nyumbani, kupika wali wa nazi na kufuatilia habari za Zanzibar redioni. Watoto wao wamesoma kwa Kiarabu. Uhamaji waliouona wazee kuwa mwanzo mpya umewachukua miaka 30 au 40 kukamilika, na uliokamilika zaidi ni wa watoto.

Mlango wa leo

Anayetoka Afrika Mashariki leo kwenda Muscat, akiwa hana nasaba ya Oman, huingia kwa mlango mwingine. Yeye ni mfanyakazi mgeni, na ukaazi wake umefungwa na ajira yake chini ya mfumo wa udhamini unaojulikana kama kafala. Mwajiri ndiye mdhamini. Kazi ikiisha bila ya kupatikana nyingine, haki ya kuishi nchini nayo hufikia mwisho.

Hayuko peke yake katika hali hiyo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 4.47 nchini Oman, na karibu milioni 1.74 kati yao walikuwa wageni. Wengi wao wanatoka Bara Hindi, na Waafrika Mashariki hushindana nao katika soko moja la ajira.

Soko hilo limebadilika tangu siku za wito wa 1970. Vijana wa Oman wamesoma na wanadai kazi. Mwaka 2018 serikali ilisitisha kwa muda viza za wageni katika kazi 87, na tangu hapo orodha ya kazi zilizotengwa kwa raia imekuwa ikibadilishwa mara kwa mara.

Kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi, kilichowekwa mwaka 2013 kuwa rial 325 kwa mwezi, ni cha raia. Rial moja ni sawa na takriban dola 2.60 za Marekani. Mgeni hulipwa kile kilichoandikwa katika mkataba wake.

Yapo mabadiliko yaliyompa mfanyakazi nafuu. Tangu Januari 2021 aliyemaliza mkataba wake anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ya kuhitaji cheti cha mwajiri wa kwanza cha kutokuwa na pingamizi. Kabla ya hapo, asiyepewa cheti hicho alilazimika kuondoka nchini na kusubiri miaka miwili. Julai 2023 ilitolewa Sheria mpya ya Kazi.

Hata hivyo, sheria hiyo haikuwajumuisha wafanyakazi wa nyumbani, ambao huwekewa kanuni zao peke yao.

Kazi za ndani

Kwa wanawake wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda, mlango ulio wazi zaidi ndio huo wa kazi za ndani. Mwajiri humlipa wakala gharama za kumleta mfanyakazi, na mkataba kwa kawaida ni wa miaka miwili. Mfanyakazi huishi ndani ya nyumba ya mdhamini wake, mahali ambapo mkaguzi wa kazi hafiki kwa urahisi.

Wapo waliopata waajiri wema, wakalipwa kwa wakati, wakajenga nyumba kwao na kuwasomesha wadogo zao. Wapo pia waliokutana na mambo mengine.

Novemba 2017 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Ripoti hiyo ilieleza habari za pasi kuzuiwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara pungufu au isiyolipwa, na wengine kupigwa na kudhalilishwa.

Ugumu mkubwa hujitokeza pale mfanyakazi anapotaka kuondoka kabla ya mkataba kwisha. Mwajiri hudai arejeshewe fedha alizomlipa wakala. Mfanyakazi akitoka bila ya ruhusa anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, na hapo yeye ndiye anayegeuka kuwa na kosa mbele ya sheria.

Ndiyo sababu ushauri wa shangazi aliyeingia Muscat mwaka 1972 kama raia hauwezi kumsaidia sana mpwa anayekwenda leo kwa viza ya kazi za ndani. Nia ya shangazi ni njema, na alichokiona ni kweli. Mji ni ule ule, lakini yeye hakuwahi kuwa na mdhamini.

Uraia na njia ya kurudi

Je, mgeni anaweza hatimaye kuwa raia? Sheria inaruhusu, ila njia ni ndefu. Sheria ya mwaka 2014 ilidai ukaazi wa miaka 20. Sheria mpya ya uraia iliyotolewa Februari 2025 imepunguza muda huo hadi miaka 15 mfululizo. Pamoja na masharti mengine, inamtaka mwombaji ajue kusoma na kuandika Kiarabu, awe na mwenendo mzuri na aache uraia wake wa awali.

Sharti hilo la mwisho linahitaji kutazamwa kwa makini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na Uganda nayo inaruhusu. Lakini uraia pacha unahitaji ridhaa ya pande zote mbili, na Oman kwa kawaida haiukubali. Mkenya anayepewa uraia wa Oman atatakiwa kuchagua.

Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Waliochukua pasi ya Oman katika miaka ya 1970 waliupoteza uraia wa Tanzania, na baadhi yao wamezuru makaburi ya wazazi wao Unguja kwa viza ya watalii.

Mwaka 2024 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria yanayofungua njia ya kuwapa hadhi maalum watu wenye asili ya nchi hiyo waliochukua uraia mwingine. Hadhi hiyo si uraia, lakini ni dalili kwamba nchi zinazotoa watu nazo zinaanza kufikiria namna ya kuwapokea wanaporudi.

Mabaharia wa pwani wana msemo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa aliyebadili uraia, ngama yenyewe inaweza kuwa imefungwa. Kwa mwenye viza ya kazi, marejeo yamekwisha kuandikwa katika mkataba, tarehe na mwezi.

Ya kuuliza kabla ya safari

Hakuna jibu moja kwa kila mtu. Fundi wa mitambo mwenye cheti na mkataba wa kampuni kubwa hupima mambo tofauti na msichana aliyeahidiwa kazi kwa simu. Hata hivyo yapo maswali yanayowahusu wote.

La kwanza ni jina litakaloandikwa katika viza. Viza ya utalii haimpi mtu haki ya kufanya kazi, na anayeambiwa aingie kwa viza hiyo ili mambo yarekebishwe baadaye anaingia bila ya ulinzi wowote.

La pili ni mdhamini. Jina la mwajiri, anwani yake na aina ya kazi vijulikane kabla ya kupanda ndege. Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ajira inayosajili mawakala, na Tanzania Bara ina mamlaka za serikali zinazosimamia huduma za ajira. Asiyeonekana katika orodha zao hana sababu ya kuaminiwa, hata akiwa ni mtu wa mtaa mmoja.

La tatu ni mkataba. Usomwe katika lugha anayoielewa mhusika, na nakala ibaki nyumbani kwa mtu anayeaminika pamoja na nakala ya pasi. Tanzania na Kenya zina balozi mjini Muscat, na namba zake zihifadhiwe mahali pengine zaidi ya kwenye simu, kwani simu inaweza kuchukuliwa.

La nne, na ndilo linalosahauliwa mno, ni kile atakachokirudia. Anayeuza kiwanja ili alipe nauli na ada ya wakala huenda Oman akiwa na deni, na mwenye deni huvumilia mambo ambayo asiye na deni angeyakataa. Anayeondoka akiwa bado na pa kurudi, hata kama ni chumba kimoja kwa mama yake, ana uwezo wa kusema basi.

Kizazi cha 1964 hakikupata nafasi ya kuyapima mambo haya. Kiliondoka kwa sababu hakikuweza kubaki, na kikasubiri miaka sita kabla ya mlango kufunguliwa. Wavuvi wa Bustan nao walihamishwa kwa uamuzi wa wengine. Anayefikiria leo kuhama kwa hiari yake ana kitu kimoja ambacho wao hawakuwa nacho, nacho ni muda wa kuuliza. Aliyekwisha kutia saini kwa haraka ameutupa muda huo kwa mkono wake mwenyewe.